Alihojiwa na nani? Kisa cha Nalufenya, 2017

Ukitoka Kampala kwa taksi kuelekea Jinja, safari ya kilomita 80 hivi, unavuka Mto Naili, unaingia mjini, na moja ya sehemu za mwanzo ambapo konda anauliza kama kuna wa kushuka ni Nalufenya. Pana mzunguko wa barabara, pana miti mikubwa ya zamani, pana vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Kwetu sisi wa Walukuba, mtaa wa hapo Jinja, lilikuwa jina la njia tu. Mwaka 2017, kwa sababu ya kituo cha polisi kilichokuwa pale na habari za mateso zilizotoka humo, likageuka jina la kutishia watu. Vijana wakigombania mteja, mmoja anamwambia mwenzake, "Wewe, nitakupeleka Nalufenya," na wote wanacheka, kicheko kile cha kumeza mate.

Kicheko hicho ndicho kimenifanya nirudi kwenye kisa hiki. Mahali pa siri hapataniwi, kwa kuwa hapajulikani. Nalufenya palijulikana na kila konda. Basi serikali ilipokuwa ikisema kuna mambo ya usalama wa taifa yasiyoweza kusemwa hadharani, ilikuwa inaficha nini hasa?

Tuanze na risasi. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 17 Machi 2017, Andrew Felix Kaweesi, Inspekta Jenerali Msaidizi na msemaji wa polisi ya Uganda, aliondoka nyumbani kwake Kulambiro, pembezoni mwa Kampala. Gari halikufika mbali. Watu wenye pikipiki walilimiminia risasi, na Kaweesi akafa pamoja na mlinzi wake na dereva wake. Uso wake ulijulikana na kila aliyekuwa na televisheni. Huyu ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya kamera kutueleza polisi wamefikia wapi na uchunguzi wa mauaji ya wengine.

Na hao wengine walikuwa wengi. Machi 2015 aliuawa Joan Kagezi, mwendesha mashtaka wa serikali, huko Kiwatule. Alikuwa kwenye kesi ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010. Masheikh kadhaa waliuawa kati ya mwaka 2012 na 2015. Novemba 2016 ikawa zamu ya Meja Muhammad Kiggundu. Mtindo ulikuwa mmoja: pikipiki, bunduki, dakika chache, kisha kimya. Kwa hiyo Kaweesi alipoanguka, aibu iliyoikumba polisi ilikuwa ya miaka mingi iliyojilimbikiza, na safari hii maiti alikuwa wa nyumbani kwao wenyewe.

Rais Museveni alifika msibani. Alisema hadharani kwamba wahalifu wamejipenyeza ndani ya polisi, akamtaka mkuu wa polisi, Jenerali Kale Kayihura, asafishe nyumba yake. Akaagiza pia kamera zifungwe mijini na barabarani. Agizo la kamera lilitekelezwa: miaka miwili baadaye polisi ilithibitisha mradi wa dola milioni 126 na kampuni ya Huawei. Nyumba ni suala jingine.

Katika hali hiyo, mpelelezi anayepewa faili la Kulambiro anapewa mzigo wa aina yake. Bosi wake ameaibishwa mbele ya taifa. Bosi wa bosi wake anataka majina, na anayataka kesho. Tukumbuke shinikizo hili tunaposoma yaliyofuata, maana mara nyingi mjadala wa mateso unaendeshwa kana kwamba ni mjadala wa falsafa kati ya watu waliokaa kwenye viti vizuri. Seli zina saa ya ukutani. Faili lina tarehe ya kuwasilishwa.

Watu walikamatwa, wengi wao Waislamu, na tuhuma iliyotajwa ilikuwa uhusiano na kundi la waasi wa ADF. Wakapelekwa Nalufenya. Hiki hakikuwa kichaka wala nyumba ya kupanga yenye mapazia meusi. Kilikuwa kituo cha polisi ndani ya mji, kilichotengwa kwa washukiwa wa makosa mazito. Mwezi Aprili kundi la kwanza, watu 13, lilifikishwa katika mahakama ya Nakawa kwa mashtaka ya mauaji na ugaidi. Waliposimama tena mbele ya hakimu, walimwonyesha vidonda. Nani asiyeikumbuka ile picha: mshtakiwa wa ugaidi anapandisha suruali ili mahakama imwone goti.

Hapo bado nchi ilikuwa imegawanyika, na tuseme ukweli, wengi hawakuwahurumia. Nilisikia maneno haya sokoni na msikitini kwa masikio yangu: wameua afisa, wategemee kukandwa kwa mafuta? Kilichobadilisha upepo ni mtu ambaye haikuwa rahisi kumwita gaidi. Geoffrey Byamukama alikuwa meya wa mji wa Kamwenge, magharibi mwa nchi. Alikamatwa mwanzoni mwa Aprili kuhusiana na kesi hiyo hiyo. Mwezi Mei picha zake zikaingia kwenye televisheni na magazeti, akiwa amelazwa katika hospitali moja ya Kampala, na vidonda vya kutisha kwenye magoti na miguu.

Katiba ya Uganda, ibara ya 23, inampa polisi saa 48 kumfikisha mshukiwa mahakamani. Meya alikuwa mikononi mwao zaidi ya mwezi.

Ukitazama maelezo ya serikali ya wiki zile, utakuta sentensi zinafanana. Alikamatwa. Alipelekwa Nalufenya. Alihojiwa. Alipata majeraha. Alipelekwa hospitali. Kiswahili chetu kina kauli nzuri sana ya kutendwa, inayomwezesha msemaji kusimulia ukurasa mzima bila mtenda kuonekana. Na neno "mahojiano" lenyewe lina ukarimu wa ajabu: mtangazaji wa redio anafanya mahojiano na mwanamuziki, na aliyevunjwa magoti naye ametoka kwenye mahojiano. Sijui lugha nyingine inafanyaje, ila yetu inamsaidia sana anayetaka kujificha.

Niliposema "yetu" sikukosea. Katika Uganda Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini Waganda wengi, hasa wa Kampala, walikijua kwanza kama lugha ya kambi. Ni lugha ya afande. Panda gari, ile misako ya miaka ya utawala wa pili wa Obote ambapo watu walizolewa kwenye malori, ni Kiswahili. Kandoya, kufungwa viwiko nyuma ya mgongo mpaka kifua kinakaribia kupasuka, ni neno la kambi lililoandikwa kwenye ripoti za Amnesty International bila kutafsiriwa. Kiboko ni Kiswahili. Mzazi wa Kiganda aliyekataa mwanawe asifundishwe Kiswahili shuleni hakuwa na chuki na Mombasa wala Unguja. Alikuwa anakumbuka sauti iliyomwamuru alale kifudifudi. Sisi tuliokizungumza Walukuba kwa mapenzi, kwa mpira na kwa mapishi, tumekuwa tukilipa deni hilo bila kukopa.

Nirudi Mei 2017. Katikati ya mwezi, Rais aliandika barua kwa wakuu wa vyombo vya usalama: Mkuu wa Majeshi, mkuu wa polisi, mkuu wa ujasusi wa ndani. Barua ikatolewa hadharani. Ujumbe wake ulikuwa kwamba mateso si ya lazima, ni makosa, na yasitumike tena, kama kweli yalikuwa yakitumika.

Barua hiyo ilistahili kusomwa polepole kuliko ilivyosomwa. Wanaharakati waliipongeza kwa kulaani mateso, wapinzani waliidharau kwa kuchelewa. Mimi nilivutiwa na sababu alizozitoa. Hakujikita kwenye heshima ya binadamu peke yake. Alieleza kama mpiganaji wa zamani anayewafundisha vijana kazi. Unayemtesa huenda si yeye. Asiye na hatia anaweza kukiri ili tu maumivu yaishe. Na mwenye hatia mgumu anaweza kuvumilia, asiseme kitu. Akawaelekeza kwenye alama za vidole, vinasaba, picha za eneo la tukio, mashahidi, yaani upelelezi wa kawaida unaochosha.

Kwa hoja hizo tu, barua ya Rais iliua ile hoja kongwe ya watetezi wa mkono mgumu. Hoja hiyo mnaijua: kuna bomu limetegwa, saa inakwenda, mwenye kujua lilipo yuko mbele yako, utamsomea haki zake? Marekani waliijadili hoja hii kwa zaidi ya miaka kumi baada ya Septemba 2001. Desemba 2014 kamati ya ujasusi ya Seneti ilitoa muhtasari wa kurasa zaidi ya 500 juu ya mahojiano ya CIA, na hitimisho lao kuu lilikuwa kwamba mbinu zile za ukali hazikuwa njia iliyofaa ya kupata taarifa. Ripoti kamili, zaidi ya kurasa 6,000, ikabaki kabatini.

Nalufenya hapakuwa na bomu. Hili halikusemwa vya kutosha wakati ule, na hata leo naona watu wanaliruka. Kaweesi alikuwa ameshazikwa. Swali lililoulizwa ndani ya zile kuta halikuwa "watalipua wapi kesho?" bali "nani aliua Machi?" Ni swali la jana. Swali la jana halina saa inayokimbia. Linaweza kusubiri maabara, rekodi za simu, ganda la risasi lilinganishwe na bunduki. Saa iliyokuwa inakimbia ni ile ya ofisini, ya bosi anayetaka kusimama mbele ya kamera na kusema kesi imekamilika. Usalama wa taifa uliazimwa jina lake ili kufunika haraka ya ofisi.

Nina jirani, mzee aliyestaafu polisi miaka mingi iliyopita. Hakufanya kazi Nalufenya. Alihudumu mikoa mingine, zamani za nyuma. Jioni hukaa barazani na redio yake ndogo. Wakati ule wa Mei nilimkuta anasikiliza habari za meya, nikamsalimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unasikia hawa watoto?"

"Watoto gani, mzee?"

"Hawa wapelelezi. Hawajui kazi." Akazima redio. "Mwanangu, mtu ukimpiga, atakupa jina. Sawa. Lakini anakupa jina gani? Anakupa lile unalolitaka. Anakusoma machoni. Wewe unadhani unamhoji, kumbe yeye ndiye anakuhoji wewe."

Nilimuuliza kama yeye hakuwahi kupiga. Alinitazama kwa muda. "Nilikuwa polisi," akasema, kisha akaiwasha redio tena.

Sheria, kwa upande wake, haikuwa na utata wowote, na hapa naweza kwenda haraka. Ibara ya 24 ya Katiba ya 1995 inakataza mateso. Ibara ya 44 inasema katazo hilo haliwezi kuwekwa kando kwa hali yoyote. Uganda ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso mwaka 1986, mwaka ule ule NRM ya Museveni iliposhika madaraka. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria mahususi: mtesaji anaweza kufungwa hadi miaka 15, na kifungo cha maisha kama kuna mazingira mazito zaidi. Sheria hiyo inasema vita si kisingizio, tishio la vita si kisingizio, msukosuko wa kisiasa si kisingizio, na amri ya mkubwa si kisingizio. Ushahidi uliopatikana kwa mateso haukubaliki mahakamani, na anayeutumia akijua ulivyopatikana naye ana kosa. Nchi chache zina sheria iliyoandikwa vizuri kiasi hiki. Wabunge walioipitisha waliijua historia: baadhi yao walikuwa watu wazima enzi za State Research Bureau, idara ya ujasusi ya Idi Amin, pale Nakasero, na Tume ya Jaji Arthur Oder ilikuwa imewasikiliza wahanga tangu 1986 hadi ripoti yake ya 1994.

Kwa hiyo pengo halikuwa kwenye kitabu cha sheria. Pengo lilikuwa kwenye daftari la kituo. Sheria ya 2012 inamwadhibu "mtu" aliyetesa, na ili umwadhibu lazima umtaje. Lazima kuwe na karatasi inayosema tarehe fulani, saa fulani, mshukiwa fulani alitolewa seli na afisa fulani, akarudishwa akiwa katika hali fulani. Karatasi hiyo ndiyo siri ya kweli ya usalama wa taifa katika kisa hiki. Jengo lilikuwa wazi, barabara ya lami inapita karibu. Vidonda vilionekana na nchi nzima. Kilichokosekana ni mkono, wenye jina na namba ya utumishi.

Watetezi wa usiri wana hoja, na si vizuri kuidharau. Wanasema majina ya maafisa wa kupambana na ugaidi yakitajwa, maafisa hao watauawa kwa pikipiki kama Kagezi na Kaweesi. Mwaka 2017 woga huo haukuwa wa kubuni. Ibara ya 41 yenyewe, inayompa raia haki ya kupata taarifa za serikali, inaacha nje zile zinazoweza kudhuru usalama wa dola. Lakini kuna tofauti kati ya kuficha jina la afisa kwa umma na kulificha kwa jaji. Jaji anaweza kusikiliza faraghani. Shahidi anaweza kupewa herufi badala ya jina. Mahakama za Uganda zinazijua njia hizo, na huzitumia serikali inapotaka kuwalinda mashahidi wake. Sijaona sababu mlango huo ufunguke kwa upande mmoja tu.

Baada ya kelele za Mei, polisi ilitangaza kuwakamata maafisa wake wanne kwa kumtesa meya. Wanne. Nikiwa mtu wa hesabu ndogo, najiuliza: kituo chenye ulinzi mkali, washukiwa wa kesi kubwa kuliko zote nchini, kesi ambayo Rais mwenyewe anaifuatilia, na maafisa wanne wa ngazi za chini wanaamua peke yao? Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi yoyote ya serikali Afrika Mashariki anajua kwamba hata kununua karatasi ya kuchapia kunahitaji saini tatu.

Oktoba 2017 Mahakama Kuu ilizungumza. Jaji Margaret Oguli Oumo aliamuru serikali iwalipe fidia washtakiwa 22 wa kesi ya Kaweesi, shilingi milioni 80 kila mmoja, kwa mateso waliyofanyiwa. Piga hesabu: bilioni 1 na milioni 760. Uamuzi ule ulikuwa wa ujasiri, maana jaji alikuwa anawapa fidia watu ambao bado walikuwa wanakabiliwa na mashtaka ya kumuua afisa wa polisi. Mitandaoni alitukanwa. Watu hawakuelewa, au hawakutaka kuelewa, kwamba mtu anaweza kuwa mshtakiwa wa mauaji na wakati huo huo mhanga wa uhalifu mwingine.

Ila nami nina langu la kulalamikia. Aliyeamriwa kulipa ni serikali. Serikali haina mfuko wake. Fedha ni za mama anayeuza samaki Masese na anayekatwa kodi kwenye kila lita ya mafuta ya taa. Aliyeshika fimbo hakuchangia hata shilingi. Fidia nayo imeandikwa kwa kauli ya kutendwa: waliteswa, watalipwa.

Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 ilijaribu kuziba pande zote mbili. Kwanza ilisema afisa wa umma anawajibika yeye binafsi kwa haki aliyoivunja, hata kama alikuwa kazini. Pili ilisema mshtakiwa akiwa ameteswa au haki zake zisizoondoleka zimevunjwa, mahakama lazima iitangaze kesi nzima kuwa batili na kumwachia. Kifungu cha pili ndicho kilichozua ugomvi mkubwa. Waendesha mashtaka wakauliza: kwa hiyo mpelelezi mmoja mpumbavu anaweza kumwachia huru muuaji? Jibu, kwa Kiswahili kinyofu, ni ndiyo, na ndiyo maana mpelelezi mpumbavu asipewe faili la mauaji. Nakiri jibu hilo haliwezi kumridhisha mjane wa dereva aliyekufa Kulambiro. Yeye alikuwa na haki ya kuona muuaji akihukumiwa, na haki hiyo iliporwa ndani ya seli, na watu waliodai wanamtafutia.

Wazo hilo la kusimamisha kesi halikuzuka mwaka 2019. Novemba 2005 watu wenye silaha waliovaa fulana nyeusi, wale Black Mamba, waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala kuwazuia washtakiwa wenza wa kiongozi wa upinzani Kizza Besigye wasitoke kwa dhamana. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ikaizima kesi hiyo ya uhaini, kwa hoja kwamba dola iliyokanyaga haki kiasi kile haiwezi kuendelea kushtaki. Majaji walikuwa wameshasema. Vyombo vya usalama havikusikia, au vilisikia na kuona kuwa gharama ni ndogo.

Na wakubwa? Machi 2018 Kayihura aliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Martins Okoth Ochola. Mwezi Aprili Ochola aliifunga Nalufenya kama kituo cha washukiwa maalumu, ikarudi kuwa kituo cha kawaida. Watu wa Jinja tulishukuru, kisha tukasikia kazi ile imehamia kituo cha Kireka, karibu na Kampala. Kayihura mwenyewe alikamatwa Juni na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Agosti 2018. Soma mashtaka yake: kushindwa kulinda zana za kivita, na kusaidia utekaji wa wakimbizi wa Rwanda waliorudishwa kwao kwa nguvu. Neno mateso halimo, Nalufenya haimo. Agosti 2023 mashtaka hayo yakafutwa.

Karatasi ya kiserikali niliyoiona mimi ikiweka jina la mkubwa huyo karibu na neno Nalufenya ilitoka Washington. Septemba 2019 Wizara ya Fedha ya Marekani ilimwekea vikwazo Kayihura, ikitaja vitendo vya kikosi kilichokuwa chini yake, vipigo na mateso ya watu waliokuwa mahabusu pale. Mwenyewe alikanusha, na vikwazo si hukumu ya mahakama. Hakuna shahidi aliyehojiwa mbele yake. Lakini tazama ajabu hii: nchi iliyofungia kabatini kurasa 6,000 za mahojiano yake yenyewe ndiyo iliyopata ujasiri wa kuandika jina kuhusu mahojiano ya Jinja. Kila serikali inaona vizuri seli za jirani.

Kesi ya Kaweesi ikaburuzwa. Wengine walipata dhamana na kukamatwa tena, tarehe zikaahirishwa. Juni 2021, watu wenye pikipiki walimshambulia Jenerali Katumba Wamala, waziri wa ujenzi na uchukuzi, asubuhi, katika vitongoji vile vile vya kaskazini mashariki mwa Kampala. Binti yake na dereva wake wakauawa. Yeye akanusurika na majeraha. Miaka minne ilikuwa imepita tangu Kulambiro, na kesi ya Kaweesi ilikuwa bado haijafika kwenye hukumu. Kamera zilikuwepo sasa, na zilisaidia. Washukiwa walikamatwa, na Julai 2021 wakapelekwa mahakama ya Nakawa. Walikuwa na vidonda. Mwezi uliofuata Rais alihutubia taifa akarudia, safari hii kwa televisheni, kwamba kuwapiga washukiwa ni makosa.

Jirani yangu alikuwa bado hai wakati huo, amedhoofika, redio ile ile. Nilikuwa na swali nililolihifadhi tangu 2017, nikaona nisipouliza siku hiyo sitauliza tena. Nikamuuliza: zamani zenu, mtu akitolewa seli usiku akarudishwa alfajiri, daftarini mliandika nini?

Alifikiri. Hakukasirika. Nadhani alikuwa anajaribu kukumbuka maneno yenyewe, kama mtu anayetafuta sala aliyofundishwa utotoni.

"Tuliandika: amehojiwa, amerudishwa," akasema. "Hali yake nzuri."

"Mkatia saini?"

"Zamu ikatia saini."

"Zamu ni nani, mzee?"

Akanyoosha mkono kwenye redio, akaongeza sauti.